Baraza ya watawa kando ya mto Sar

Huko Santiago de Compostela, mji wa Galicia katika nchi ya Hispania, mahujaji wengi huliendea kanisa kuu, wasione pengine. Sisi tuliteremka mpaka kando ya mto Sar, penye kanisa la Bikira Maria lililojengwa katika karne ya 12. Uani umebaki upande mmoja tu wa baraza ya kale ya watawa: matao 9 ya mawe, yaliyochongwa maua na majani. Ndani ya kanisa nguzo zimeinama, hata mgeni huogopa. Lakini nje waliofuata walijenga viegemeo vikubwa vya mawe kuzishikiza. Tukafahamu kwamba nyumba haidumu kwa nguvu za wajenzi peke yao, bali kwa uangalifu wa warithi pia.