Feza za ng'ambo na kasha la bluu

Wiki hii tunaongea juu ya jambo ambalo kwenye vikao vyetu tunalisema chini-chini: feza wanazotutumia ndugu zetu walioko ng'ambo, na namna tunavyozitumia.

Kila mmoja hapa Bukavu anajua feza hizo zinafanya kazi gani. Mei 2023, mvua ilipobomoa Bushushu na Nyamukubi kule Kalehe, watu zaidi ya 400 walikufa na wengine wengi sana hawakuonekana tena. Ndani ya siku nne, wadada wa Brussels na Montreal walikuwa wametutumia dola 240 kwa simu. Tulinunua sufuria, sabuni, mikeka na vitambaa vya hedhi (hivyo hakuna aliyekuwa amevifikiria), tukapanda boti, tukapeleka. Nguo zilizokusanywa kulekule zilifika miezi saba baadaye, zimepitia Dar es Salaam, zimelipiwa ushuru. Kufungua mifuko, tukakuta makoti ya theluji. Tuliwashukuru kwa moyo, na kicheko tulikiweka mpaka tulipofika nyumbani.

Tangu Februari 2025, vita ilipofika mjini na banki zikafunga milango, simu ndiyo ikawa banki yetu. Lakini tusidhani dola 100 inayotoka kule inafika ikiwa 100. Kutuma dola 200 kuja Afrika yetu hii hula wastani wa dola 16 hivi njiani, ingawa mwaka 2015 mataifa yaliahidi kwamba kufika 2030 gharama hiyo itashuka chini ya 3 kwa 100. Halafu kabini nayo inakata, na noti zikiadimika inakata zaidi. Na mwishowe unapewa dola yenye kidonda kidogo pembeni, ambayo hakuna mama wa sokoni atakayeipokea.

Sasa tuje kwenye kosa letu.

Tuna dada mmoja huko Marekani. Alikimbia Fizi mwaka 1996, akaishi miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu, Tanzania, ndipo akachukuliwa kwenda Amerika. Yeye ndiye aliyekuwa analipia minerval ya wasichana sita wa sekondari, dola 50 kwa kila mmoja kwa trimestre. Shule za msingi za serikali ni bure tangu Septemba 2019, lakini sekondari tunaijua sote.

Mwaka jana mwenzetu alijifungua kwa kupasuliwa, na hospitali ikamzuia yeye na mtoto mpaka alipe. Siku ya tisa tulishindwa kuvumilia. Tukatoa dola 100 kwenye feza za wasichana, tukamtoa. Tulisema tutazirudisha kabla ya mwisho wa mwezi. Hatukuzirudisha. Tena hatukumwambia dada yetu. Alipouliza habari za shule, tulimjibu kwamba watoto wote wanasoma vizuri.

Wasichana wawili walikuwa wamekwisha fukuzwa darasani. Sisi wengine ni walimu. Tuliwaona wakitoka na madaftari yao kifuani, tukageuza macho.

Habari zilimfikia kupitia mtu mwingine. Akanyamaza. Trimestre nzima hakutuma chochote, na wale wanne waliobaki wakaanza kutishwa nao. Hapo tukakusanyika, tukaweka simu katikati ya meza, tukampigia.

«Yaya, utusamehe.»

Alikaa kimya kwanza. Kisha akasema: «Kumtoa mama hospitalini hamkukosea. Mngenipigia, mimi mwenyewe ningewaambia mtoeni. Lakini mlinidanganya, na mimi hizo feza nazipata usiku.»

Ndipo akatueleza mambo ambayo hatukuwahi kumuuliza. Anafanya kazi ya usiku katika kiwanda cha kukata kuku, amesimama toka jioni mpaka alfajiri, vidole vimeganda kwa baridi. Nyumba anapanga. Hata tiketi ya ndege iliyompeleka ilikuwa deni, alilipa kidogo kidogo baada ya kufika. Sisi tulidhani huko mtu anaokota. Na yeye, kwa haya yake, kila siku alituambia yuko salama.

Wale walio katika MUSO wanajua makasha matatu: la kijani kwa mikopo, jekundu kwa shida za ghafla, la bluu kwa feza zinazotoka nje. Sisi tulikuwa na daftari moja tu, kila kitu ndani. Kwa maoni yetu, ugonjwa ulianzia hapo kuliko kwenye roho mbaya: kasha jekundu lilikuwa tupu kwa sababu kila Jumamosi tulikuwa tunatoa franka 500 kwa kulalamika, tukijua kuna mtu ng'ambo. Sasa tunatoa 1,000. Feza za dada yetu zina daftari lake: iliyotumwa, iliyokatwa njiani, iliyolipwa, iliyobaki. Risiti ya shule tunaipiga picha siku ileile na kumtumia. Na kukiwa na shida kubwa tunampigia kabla ya kugusa, hata kama kwake ni saa za kulala.

Ameanza kutuma tena, kwa wasichana watano.

Wa sita ni mmoja wa wale wawili waliofukuzwa. Mwenzake amerudi darasani. Yeye anauza avoka huko Kadutu, na baba yake anasema shule imekwisha mpita. Dola 50 zake tumezitoa kwenye mifuko yetu wenyewe, ziko tayari. Jumamosi hii, baada ya kikao, tunakwenda kwao kuongea na wazazi. Mwenye kumjua mama yake vizuri atusindikize. Tunatoka saa nane za mchana.