Mkazo wa Maneno Marefu ya Kiingereza Kinywani mwa Mswahili

Msemaji wa Kiswahili hahitaji kufunzwa mahali pa mkazo katika lugha yake. Neno liwe fupi au refu, mkazo hukaa katika silabi ya pili kutoka mwisho: so-ma, so-me-sha, wa-so-me-sha-ji. Maneno yanayoasi ni machache. “Barabara” ya kupitia magari hufuata kanuni, ilhali “barabara” yenye maana ya sawasawa huurudisha mkazo nyuma silabi moja.

Kiingereza hakina makazi kama hayo. Katika “photograph” mkazo uko mwanzoni. Katika “photographer” umehamia silabi ya pili. Katika “photographic” umefika ya tatu. Kinachouhamisha ni kiambishi tamati. Neno liishialo kwa -ic au -tion huvuta mkazo kwenye silabi inayotangulia kiambishi hicho, ndiyo maana “economic” na “education” hazimsumbui Mswahili: kanuni yake mwenyewe humfikisha papo hapo, ingawa kwa bahati tu. (“Arabic”, yenye mkazo mwanzoni, haina adabu hiyo.) Bahati hiyo humponyoka kwenye -ity. Katika “university” na “electricity” mkazo u katika silabi ya tatu kutoka mwisho, naye huusogeza mbele kwa mazoea.

Hata hivyo, kuhamisha mkazo peke yake hakutoshi. Irabu isiyo na mkazo katika Kiingereza aghalabu hufifia. Silabi ya kwanza ya “photograph” ina irabu kamili; ile ile katika “photographer” haisikiki ila kwa mbali. Irabu za Kiswahili hazina desturi ya kufifia, na mwanafunzi azitamkaye zote kwa ukamilifu huweza kuweka mkazo sawasawa na bado asieleweke upesi. Hapa ndipo mwalimu angestahili kutumia muda wake mwingi, badala ya kukaririsha orodha za maneno.

Kugawa silabi ni tatizo jingine. Katika Kiswahili karibu kila silabi huishia kwa irabu, bali Kiingereza hurundika konsonanti: “strength” yote ni silabi moja. Pamoja na hayo, l ya mwisho wa “bottle” hubeba silabi bila irabu, kama m ya “mtu”; mfano huo wa nyumbani wafaa kutangulizwa darasani. Ama kukata neno mwishoni mwa mstari, hata wenyewe hawakupatana: Waingereza wamezoea know-ledge kwa kufuata asili ya neno, Wamarekani knowl-edge kwa kufuata matamshi.