Mwanafunzi wa Uzeeni na Mkanda wa Punda

Sisi tuliosomea chuoni kwa ubao na wino tuliihifadhi Suratul-Adiyat kabla ya kumwona farasi. Tulizisoma kwato zitoazo cheche na hali mnyama wa kupandwa mtaani kwetu Malindi alikuwa ni punda, na cheche hana. Mbung'o wa misitu ya pwani hawakumpa farasi nafasi ya kuishi. Hata hivyo watungaji wetu waliwatia farasi katika tenzi zao za vita, kama ule wa Tambuka ulioandikwa Pate mwaka 1728. Basi msomaji wangu asinicheke nikimwambia kwamba nimejifunza kushona matandiko, na aliyeyavaa ni punda.

Chanzo ni kijana mmoja auzaye maji kwa gari la punda. Alipita barazani petu asubuhi moja, nikaona kifua cha mnyama wake kina jeraha la upana wa kiganja, jekundu, nzi wamelitanda. Kilichomvuta ni kamba ya nailoni iliyopitishwa juu ya kipande cha gunia. Nikamkemea. Akanijibu kwa adabu, "Ami, nikimpumzisha wiki moja, nyumbani tutakula nini?" Sikuwa na jibu.

Nilikwenda kwa mzee mmoja mshona makubadhi, asili yake Siyu, kisiwani Pate, mji uliosifika karne ya 19 kwa mafundi wa ngozi, tangu viatu na mikanda hata majalada ya misahafu. Nilimwomba anishonee mkanda wa kifuani. Akanitazama miwani ikiwa puani, akasema, "Mwanangu, mikono unayo. Kaa kitako."

Somo la kwanza lilikuwa ngozi yenyewe. Zamani ilidabighiwa kwa maganda ya mikoko, hasa mkandaa, ambayo yana ukali wa kuifanya isioze. Sisi wafuasi wa Imamu Shafii twajua kuwa dabgha huitoharisha hata ngozi ya mfu, ila ya mbwa na nguruwe. Mzee siku hizi hununua iliyokwisha dabighiwa viwandani, lakini huinusa na kuikunja kabla ya kutoa pesa. Alinionyesha kuwa ngozi ya mgongoni ndiyo ya mikanda, nayo hukatwa kwa urefu, kuufuata uti wa mgongo. Ya tumboni hunyumbuka, na mkanda unaonyumbuka leo hukaa mahali, kesho pengine.

Kisha ukaja msharasi. Nilidhani kushona ni kushona, kumbe kuna uzi mmoja wenye sindano mbili, kila ncha moja. Tundu hutobolewa kwa msharasi, sindano zikapishana ndani yake, moja ikitoka kulia na nyingine kushoto, halafu huvutwa kwa nguvu sawa. Uzi hupakwa nta kwanza. Fumo moja likikatika, upande wa pili hushika, wala mshono haufumuki wote kama ule wa cherehani. Siku tatu nilishona vipande vya kutupwa tu. Vidole vilivimba nisiweze kushika kalamu, na mke wangu akauliza kama gazeti limeanza kutulipa kwa viatu.

Mkanda wangu wa kwanza niliuonea fahari. Ulikuwa mwembamba, umenyooka, na bizimu ya shaba ikimeta. Mzee aliupitisha kwenye shavu lake upande wa ndani, akaurudisha bila neno. Nikafanya vivyo hivyo, nikaona mafundo ya uzi yananikwaruza. Yangekuwa juu ya jeraha lile! Akaufumua wote kwa kisu mbele yangu. "Kiatu kikimbana mtu, atasema," alinambia. "Huyu atasema na nani?"

Wa pili ulikuwa na upana wa vidole vinne vilivyokunjuliwa, maana mkanda mwembamba hukata nyama na mpana huugawa uzito. Upande laini ulielekea mwilini, mishono ikazama katika mfereji uliochimbwa ngozini, na kingo zikasuguliwa mpaka zikaviringa. Ukikaa juu mno humkaba koromeo, na ukikaa chini huzuia mabega yasitembee. Tulimpima punda mwenyewe uani, kijana kamshika masikio.

Kuna jambo liliniuma katika kazi hii. Ngozi ya punda imekuwa na bei kubwa ng'ambo kuliko jasho lake hapa. Wachina huichemsha wakatengeneza dawa, na machinjio kadhaa yalifunguliwa Kenya tangu mwaka 2016, hata wizi wa punda ukazagaa. Februari 2024 wakuu wa Umoja wa Afrika walikubaliana kupiga marufuku uchinjaji huo wa ngozi. Ni vyema, ingawa nimeona wengi wanaoisifu marufuku hiyo na kamba ya nailoni bado iko kifuani kwa punda wao.

Jeraha halikupona kwa mkanda peke yake. Mkokoteni ulipumzika siku kumi, na majirani barazani tulichanga unga na nauli za kijana. Mkanda huoshwa kwa maji baridi kuondoa chumvi ya jasho, hukaushwa kivulini, hupakwa shahamu. Juzi kijana aliuleta; fumo moja karibu na bizimu limelegea. Mzee aliutazama, akaniwekea msharasi mapajani, akaendelea na makubadhi yake.