Uyoga wa Kichuguuni Hautambuliwi kwa Kofia

Picha ya kofia haitoshi kuutambua uyoga, hata iwe safi namna gani. Chukua uyoga wa kichuguuni, unaotafutwa kila masika kutoka Kanduyi hadi Kitale na kwenye miteremko ya Mlima Elgon. Mfaransa Roger Heim aliuwekea jenasi yake, Termitomyces, mwaka 1942. Alama yake kuu imefichika: katika spishi nyingi shina hushuka ardhini kama mzizi hadi kwenye bustani ambamo mchwa hulisha kuvu mabaki ya mimea. Ushahidi wa vinasaba unaonyesha kwamba ushirika huu ulianzia katika misitu ya mvua ya Afrika, takriban miaka milioni 30 iliyopita. Ule mdogo unaochipuka kwa mamia, Termitomyces microcarpus, hauna mzizi mrefu, kwa kuwa huota kwenye vipande vya bustani ambavyo mchwa wamevitoa nje. Kwa hiyo anayeukata uyoga usawa wa ardhi ameuacha ushahidi shimoni.

Wapo watakaosema kwamba wazee wa Kibukusu wameutambua uyoga vizazi na vizazi bila darubini. Ni kweli, tena maswali yao ndiyo hasa ya kuanzia: umeota wapi, msimu gani, kuna mchwa? Lakini ujuzi huo hupungua nguvu mchumaji anapohamia mjini na kukuta kwenye nyasi Chlorophyllum molybdites, uyoga mkubwa mweupe unaotapisha na kuharisha. Ukilazwa juu ya karatasi usiku kucha, huacha vumbi la kijani. Termitomyces huacha la waridi, na Amanita zenye sumu ya kuua huacha jeupe. Hata hivyo, waridi si kibali cha kula, maana upo uyoga wa sumu wenye vumbi la rangi hiyo hiyo.

Wengine watadai kwamba vinasaba vimemaliza kazi. Havijamaliza. Mfuatano wa vinasaba hupata jina kwa kulinganishwa na sampuli iliyotambuliwa na kuhifadhiwa, kama zile alizozitegemea David Pegler wa bustani ya mimea ya Kew, Uingereza, alipochapisha kitabu chake cha uyoga wa Afrika Mashariki mwaka 1977. Basi ewe mchumaji wa Bungoma, na wewe mwalimu wa baiolojia: uchimbeni uyoga mzima, andikeni mahali, tarehe na jina wanaloliita wenyeji, ukausheni, kisha uwasilisheni kwenye Hebaria ya Afrika Mashariki, Makumbusho ya Taifa, Nairobi.