Kichwa kisichovumilia kusukwa: nywele fupi kwa mwanamke wa Kiislamu

Wiki hii safu yetu ya afya na usafi inazungumzia jambo ambalo katika nyumba nyingi huchukuliwa kuwa ni deko tu. Nalo ni mwanamke au msichana asiyevumilia kuguswa kichwa. Kitana kikipita, analia. Akisukwa leo, usiku hapati usingizi, na kabla wiki haijaisha amefumua mwenyewe. Saluni haingii kwa sababu ya harufu ya dawa na mlio wa draya. Ushungi ukifungwa kwa pini, anaufungua kila baada ya dakika chache. Nyumbani wanasema anadeka, au ni mvivu wa kujipamba, na wengine hufika mbali wakasema ana jini asiyependa kusukwa.

Kabla ya kumpeleka kwa mganga, fahamu kwanza jinsi kichwa kilivyoumbwa. Shina la kila unywele limezungukwa na ncha za mishipa ya fahamu, ndiyo maana unamhisi hata sisimizi akipita kichwani bila kumuona. Kwa watu wengi, ubongo ukishapokea taarifa ya msuko au kilemba huizoea baada ya muda na kuacha kuishughulikia. Kwa wengine hauzoei. Msuko wa asubuhi unaendelea kuvuta mpaka jioni kana kwamba ndiyo kwanza umeanza. Hali hii huonekana sana kwa watu wenye usonji, na mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani uliotolewa mwaka 2013 umeitaja kuwa ni mojawapo ya dalili zake. Hata hivyo, si kila mwenye hali hii ana usonji. Wenye kipandauso nao, maumivu yanapowashika, hawawezi hata kuchana nywele. Wapo pia ambao ndivyo walivyo tangu utoto na hawana ugonjwa mwingine wowote.

Hapa kwetu Morogoro jambo hili huchelewa kujulikana, na sababu yake ni shule. Shule nyingi za serikali huwataka wasichana wakate nywele ziwe fupi. Hivyo binti wa Kinole, Matombo au Mkuyuni anaweza kupanda na kushuka milima ya Uluguru miaka yote ya shule bila mtu kujua kuwa kichwa chake kina tatizo. Shida huanza siku anapomaliza. Sasa ni msichana mkubwa, na harusi za ndugu zinafuatana. Shangazi anataka asukwe yeboyebo, dada anataka awekwe dawa, na bibi mzaa mama, ambaye kwa Waluguru neno lake ni zito, anauliza lini mjukuu wake ataanza kuonekana mwanamke. Nywele kwa watu wa ukanda huu zina historia ndefu. Yule mwanasesere wa mti aitwaye mwana hiti, ambaye Wazaramo, Wakwere na Waluguru walimpa mwali aliyewekwa ndani, alichongwa na kishungi cha nywele kilichogawanyika mara mbili kichwani. Kwa hiyo anayekataa kusukwa huonekana kama anakataa utu uzima wenyewe.

Matokeo yake ni kwamba anayeteseka hujificha. Chini ya ushungi hakuna anayeona. Nywele hazichanwi kwa wiki mbili, tatu, zinajifunga vifundo, jasho la joto la Februari linakaa humo, mba unaongezeka, na mapunye yakiingia hayagunduliki mapema. Akilazimishwa kusukwa kwa kubanwa, madhara ni mengine. Huko Cape Town, Afrika Kusini, madaktari wa ngozi walipowapima wanawake wazima, karibu mmoja katika kila watatu alikutwa na upara wa pembezoni mwa kichwa unaotokana na nywele kuvutwa. Ule uchungu wa siku ya kwanza, ambao wasusi wengi husema utazoeleka, ndio onyo la mwili kwamba mashina yanang'oka. Huyu dada yetu anayelia pengine ndiye anayesikia onyo hilo vizuri kuliko sisi tuliokaa kimya.

Aidha kuna suala la josho. Mwanamke aliyesukwa rasta za nywele bandia, au aliyeshonewa wivingi, anapotoharika kutokana na hedhi au janaba anatakiwa kuhakikisha maji yanafika kwenye mashina ya nywele. Mtume (s.a.w.) alimruhusu Ummu Salama (r.a.) asifumue misuko yake katika josho la janaba, bali ajimiminie maji kichwani mara tatu, na hadithi hiyo imo katika Sahihi Muslim. Lakini kwa madhehebu ya Kishafii yaliyoenea kwetu, ikiwa msuko unazuia maji kufika ndani, ni lazima ufumuliwe. Sasa fikiria mtu ambaye kufumua na kusuka upya kwake ni mateso ya saa nne, naye anaishi mlimani ambako maji ya Juni na Julai ni baridi ya kukata. Wapo wanaochelewesha josho, na sala zinapita. Nywele fupi huondoa mzigo huu wote kwa kopo mbili za maji ya moto.

Je, inafaa mwanamke wa Kiislamu kukata nywele zake? Swali hili huulizwa sana, na jibu la haraka la mitaani ni "haramu". Katika Sahihi Muslim imepokewa kutoka kwa Abu Salama bin Abdirrahman kwamba wake za Mtume (s.a.w.) walikuwa wakipunguza nywele zao mpaka zikafikia kiasi cha masikio. Qadhi Iyadh alisema huenda walifanya hivyo baada ya kufariki Mtume, walipoacha kujipamba. Imamu Nawawi akaeleza kuwa hadithi hiyo ni dalili ya kujuzu kwa wanawake kupunguza nywele. Kinachokatazwa ni kukusudia kujifananisha na wanaume, na pia kunyoa sehemu ya kichwa na kuacha sehemu nyingine, kama denge au kiduku. Kunyoa kipara kabisa kwa mwanamke bila dharura wanazuoni wamekuchukia, na kunyoa kwa ajili ya msiba kumekemewa waziwazi. Ama udhia wa kichwa, sheria inautambua. Mwaka wa 6 Hijria pale Hudaibiya, Kaab bin Ujrah alikuwa katika ihramu huku chawa wakimdondokea usoni, naye aliruhusiwa kunyoa na kutoa fidia. Mwenye hali ya pekee na amuulize shekhe wake, lakini asiulize kwa kunong'ona kana kwamba amefanya kosa.

Tuje sasa kwenye urefu wenyewe, kwa sababu hapa ndipo wengi hukosea. Mtu akichoshwa na nywele hukimbilia kipara, na kipara kwa mwenye ngozi nyepesi kuhisi ni adha mpya. Nywele zetu za kipilipili zikikatwa karibu sana na ngozi, hasa kwa wembe, ncha zake hujikunja zikirudi na kuichoma ngozi kutoka ndani, ndipo vinatokea vipele vya kisogoni vinavyowasha. Tena ncha fupi ngumu hung'ang'ania kitambaa. Kila ukigeuza shingo ushungi unakwaruza, na anayesumbuliwa na mguso atasikia mkwaruzo huo kutwa nzima.

Upande wa pili, nywele zikiachwa ndefu kiasi cha kidole gumba, zitaanza kujifunga vifundo na kitana kitarudi kuwa adui. Urefu unaofaa kwa wengi uko katikati, kati ya sentimita moja na mbili hivi. Hapo ncha zimeshalainika, maji yanafika kwenye ngozi bila kazi, na baada ya kuoga unapitisha kiganja chenye mafuta kidogo ya nazi, basi. Kitana hakihitajiki. Ukitumia mashine ya kunyolea, kitana chake namba 3 huacha takriban milimita 10, na namba 4 milimita 13. Namba 1, ambayo vinyozi wengi huipenda kwa sababu huonekana nadhifu, huacha milimita 3 tu na kwa mtu huyu ni fupi mno. Nywele huota karibu sentimita moja kwa mwezi, pungufu kidogo kwa nywele za kipilipili. Ina maana ukianza na namba 3, una kama wiki sita za raha kabla ya kunyoa tena.

Kwa familia zenye asili ya Kiarabu, Kihindi au Kisomali, hesabu ni nyingine. Nywele laini hazisimami, zinalala. Zikikatwa kufikia masikioni zitagusa shavu na shingo kila wakati, na wengi wenye hali hii huchukia mguso huo kuliko hata msuko. Ama zikatwe fupi zaidi ya masikio, kisogo kikiwa wazi, au ziachwe ndefu kiasi cha kufungwa kwa kitambaa laini kisichobana. Urefu wa nusu nusu ndio mbaya kuliko yote.

Usimpeleke saluni ya Jumamosi mchana karibu na soko kuu, redio imefunguliwa mpaka mwisho na watu wanne wanawekwa dawa ya kulainisha nywele. Dawa hizo nyingi zina soda kali inayounguza ngozi hata ya mtu wa kawaida, na harufu tu inatosha kumtoa mbio. Njia iliyo bora, na yenye sitara zaidi, ni kunyolea nyumbani. Mwanamke mwenzake, mama, dada au mume anaweza kujifunza kazi hii kwa siku moja. Mashine ya kuchaji hufaa hata vijijini ambako umeme ni wa sola. Lakini iwashe kwanza mbali naye, aizoee sauti, kisha aishike mkononi ausikie mtetemo. Akiukataa mtetemo, acha mashine, tumia mkasi. Unavuta nywele kidogo kwa vidole viwili na kukata kinachozidi. Haitakuwa sawasawa, na chini ya ushungi hakuna atakayepima.

Mguse kwa kiganja kizima na kwa uthabiti. Mguso mwepesi wa ncha za vidole, ambao sisi tunadhani ndio wa huruma, kwake ni kama wadudu wanaotambaa. Mwambie kabla hujahamia upande mwingine. Anza kisogoni, kwa sababu akichoka katikati ya kazi, sehemu inayosumbua zaidi itakuwa imekwisha. Mkatiko wa nywele ukibaki shingoni na ndani ya kola huwasha vibaya, kwa hiyo avae nguo kuukuu, aoge mara moja baada ya hapo, na nguo hiyo isivaliwe tena kabla ya kufuliwa. Mashine au mkasi uwe wa kwake peke yake. Ukiazimwa, safisha kwa spiriti kabla na baada, kwani mapunye husafiri kwa mashine, na chombo kilichomkata mtu damu kinaweza kubeba virusi vya homa ya ini.

Hijabu nayo itazamwe upya. Nywele zikishakuwa fupi, ushungi wa poliesta huteleza, ndipo mtu anaongeza pini na kukaza fundo, na shida inarudi kupitia dirishani. Pamba laini iliyofuliwa mara nyingi hukaa vizuri zaidi. Kikofia cha ndani kishonwe kwa pamba, mshono ukiwa upande wa nje, na lebo ikatwe. Hijabu ya kushonwa ya kuvaa kwa kupitisha kichwa, ile wanayovaa watoto wa madrasa, haihitaji pini hata moja, na mtu mzima akishonewa ya kitambaa kizuri haoni aibu kuivaa hata harusini. Kwenye udhu, ambaye maji yakitiririka usoni humsumbua akumbuke kwamba kwa Imamu Shafii kupaka sehemu ndogo ya kichwa kunatosha.

Yapo mambo ambayo mkasi hautatui. Mabaka yenye magamba na nywele zilizokatika ni dalili ya mapunye. Mafuta ya kupaka peke yake hayaponyi mapunye ya kichwani, zinahitajika dawa za kumeza kutoka hospitali. Ikiwa maumivu ya ngozi ya kichwa ni mapya, hayakuwepo zamani, na hasa yakiambatana na kuona ukungu au homa, usinyoe, nenda ukapimwe. Kwa mtoto mdogo ambaye pamoja na kukataa kuguswa amechelewa kuzungumza au haitiki jina lake, mweleze daktari habari zote mbili kwa pamoja.

Limebaki suala la watu. Kwa aliyeolewa, azungumze na mume wake kabla ya kukata, tena kwa maneno ya wazi: "Nikisukwa silali." Waume wengi huudhika kwa sababu wamekuta kichwa kimeshakatwa na hawakuelezwa kitu. Kwa binti, mama ndiye atakayezungumza na bibi na shangazi, nayo ifanyike wiki kadhaa kabla ya harusi, si asubuhi ambayo msusi ameshakaa kibarazani na uzi mkononi. Hina ya mikononi, wanja, na ushungi mzuri vitatosha kumpamba. Na kama hina nayo, kwa ubaridi wake na harufu, hawezi kuivumilia, mwulizeni yeye anataka nini.