Hatari Ipi, Kaka?

Kwenye kibanda kimoja cha Tandika, Dar es Salaam, nilimkuta dereva wa bajaji akinunua sigara moja. Muuzaji aliichomoa kwenye pakiti iliyokwisha funguliwa, akampa na kiberiti cha gesi kilichofungwa kwa kamba kwenye nondo ya dirisha. Nikaiomba ile pakiti, nikamwonyesha yule dereva. "Kaka, hapa wameandika nini?"

Hakuhitaji kusoma. "Si ile ya hatari kwa afya yako."

"Hatari ipi?"

Akafikiri kidogo. "Kifua. TB, nadhani. Ila mimi mzima, si unaniona nina afya?" Akavuta, akatoa moshi pembeni asinipulizie usoni, halafu akaniuliza swali ambalo sijalisahau: "Na nikiacha, alfajiri nikiamka nashika nini?"

Kuhusu TB hakukosea, maana uvutaji huongeza uwezekano wa kuugua. Lakini kansa hakuitaja, wala moyo, wala kupooza. Na huyu ni mtu anayesoma vizuri na onyo analijua kwa kichwa. Wataalamu wanazungumzia uelewa wa afya, yaani uwezo wa kupata taarifa za afya, kuzielewa, kuzipima na kuzitumia katika maisha yako. Kujua kusoma ni sehemu tu ya uwezo huo. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2018 ulikadiria kuwa watu wazima milioni 2.6 nchini Tanzania wanatumia tumbaku. Sidhani wengi wao hawajawahi kusikia kwamba sigara ni mbaya.

Tazama maneno yenyewe. "Hatari" mtaani siku hizi ni sifa: mshambuliaji akifunga mabao mawili, huyo ni hatari. "Afya" kwetu huonekana kwa macho. Mtu akinenepa tunasema ana afya. Basi mwenye mwili mzuri akiambiwa sigara ni hatari kwa afya yake, hujitazama na kuona onyo hilo ni la mwingine. Andika "kiharusi" na wengi watapita. Sema "kupooza upande mmoja" na kila mtu atamkumbuka jirani yake. Tarakimu nazo zina mtego wake. Tunaambiwa mvutaji ana uwezekano wa kupata kansa ya mapafu mara 15 hadi 30 kuliko asiyevuta. Mara 15 ya nini? Asiyejua kiwango cha mwanzo hana pa kuanzia kuhesabu. Ukimwambia kwamba katika kila wavutaji wawili wasioacha, tumbaku inaweza kumuua mmoja, atamtazama mwenzake aliyekaa naye kijiweni.

Kuna utafiti mmoja wa Uingereza ninaoupenda sana kwa sababu ya urahisi wake. Ulichapishwa mwaka 2008, na ulihusisha wavutaji 561 wa Hertfordshire. Wote walipuliza kwenye mashine inayopima hewa mtu anayoweza kuitoa katika sekunde ya kwanza, na wote walishauriwa kuacha. Kundi moja lilipewa jibu kama lilivyotoka kwenye mashine, tarakimu tupu. Kundi la pili lilipewa jibu lilelile likiwa limegeuzwa kuwa umri: kwa mfano, wewe una miaka 52, lakini mapafu yako yanapuliza kama ya mtu wa miaka 75. Baada ya mwaka mmoja watafiti walipima tena kuthibitisha nani ameacha kweli. Katika kundi la tarakimu, walioacha walikuwa asilimia 6.4. Katika kundi la umri walikuwa asilimia 13.6, zaidi ya mara mbili. Na walioambiwa mapafu yao hayajazeeka hawakuwa nyuma ya walioambiwa yamechakaa. Kwa hiyo hofu peke yake haielezi tofauti ile. Naamini kilichowasukuma ni kwamba, kwa mara ya kwanza, mtu alielewa jambo linalohusu kifua chake mwenyewe.

Utafiti mwingine, wa Marekani, uliwagawa wavutaji kwa kiwango chao cha uelewa wa afya. Wenye uelewa mkubwa walinufaika zaidi na ujumbe wa takwimu na maelezo. Wenye uelewa mdogo walinufaika zaidi na ujumbe unaogusa hisia. Hapo picha zina nafasi yake. Kanada ilizianza kwenye pakiti mwaka 2001, Kenya mwaka 2016, na asiyejua kusoma naye huziona. Ila mwaka 1992 mtafiti Kim Witte alieleza mahali ujumbe wa kutisha unapokwama: ukimtisha mtu bila kumwonyesha njia anayoamini ataiweza, atapambana na hofu yake badala ya hatari. Ataigeuza pakiti upande wa pili, au atakwambia babu yake alivuta mpaka akafika miaka 90.

Ndiyo maana swali la dereva lina uzito kuliko onyo. Anashika nini alfajiri? Jibu lipo, na halijazi hata kurasa mbili. Hamu ikija hudumu dakika chache tu, kisha hupungua. Siku za mwanzo ndizo ngumu kuliko zote, na baada ya wiki chache mwili hutulia. Baada ya mwaka mmoja, hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo iliyoletwa na sigara huwa imeshuka kufikia nusu hivi. Haya yote hayakuwapo kwenye pakiti niliyoishika.

Na hata yangekuwapo, yeye pakiti haimfikii. Anayenunua moja moja hupokea karatasi nyeupe na kichungi; maneno yote hubaki kibandani kwa muuzaji. Kanada, kwa kanuni zilizoanza kutumika Agosti 2023, imeamua onyo lichapwe kwenye kila sigara, kwenye karatasi ya kichungi, pale vidole vinaposhika. Mojawapo linasema kwamba kuna sumu katika kila mvuto. Kwa Kiswahili cha kijiweni lingekuwa fupi zaidi, maana vijana wakiombana sigara husema "nipe pafu moja", na pafu ni neno lilelile la kilichomo kifuani. Sumu katika kila pafu. Kwa hilo nisingehitaji kumwuliza yule dereva ni hatari ipi.