Motokari Iliyolala Muda Mrefu

Ukitoka katikati ya mji wa Kisangani na kuufuata mto Kongo kwenda upande wa magharibi, utafika Simi-Simi. Hapo upo uwanja wa ndege wa zamani. Ndege za abiria zilishuka hapo tangu wakati mji ulipoitwa bado Stanleyville, mpaka uwanja wa Bangoka ulipojengwa upande wa mashariki. Watu wa Simi-Simi wamezoea basi kuona mashini zinazofanya kazi na mashini zinazolala. Na mashini inayolala ina magonjwa yake.

Watu wengi hudhani kwamba motokari isiyotembea haichakai. Hudhani inapumzika tu, kama mkulima aliyerudi kutoka shambani. Sivyo. Mtu akilala, hupata nguvu. Motokari ikilala, hupoteza nguvu. Na katika Kisangani huipoteza upesi, kwa sababu mji uko karibu sana na ikweta: joto halikosi, mvua hunyesha karibu kila mwezi wa mwaka, na hewa ina unyevu hata chumvi huloana ndani ya kikopo chake.

Tuseme kuna mzee mmoja wa Simi-Simi mwenye motokari ya zamani, inayotumia esansi, yaani petroli. Barabara ni mbaya, esansi ni ghali, na kwa safari ndogo baiskeli za toleka na pikipiki zinatosha. Kwa hiyo motokari inakaa chini ya mwembe miezi minne. Usiku mmoja mjukuu wake anashikwa na homa kali. Mzee anachukua ufunguo, anaketi, anauzungusha. Taa ndogo zinawaka, kisha inasikika sauti: «Ka-ka-ka-ka!», kama meno ya mtu anayetetemeka kwa baridi. Anazungusha tena, mara kumi, mara ishirini. Sauti inafifia mpaka inakwisha. Vijana wanasukuma, lakini magurudumu yanateleza katika matope. Mwishowe mama wa mtoto anapanda pikipiki na mwanawe mgongoni, nao wanakwenda hospitalini. Mtoto anapona. Lakini saa nzima imepotea, na katika malaria kali saa moja ni kitu kikubwa.

Asubuhi kila jirani ana neno lake. Wa kwanza asema: «Papa, ni bujie hizo. Nunua mpya.» Wa pili asema: «Hapana, ni esansi.» Wa tatu asema: «Batri imekufa, itupe.» Wa nne anatikisa kichwa tu bila kusema neno, na huyo ndiye pekee asiyetaka kumtia mzee hasara. Kwa maana kama mzee angewafuata wote watatu, angenunua vitu vitatu kwa fedha nyingi, na hata motokari ikiwaka asingejua ni kipi kilichoiponya.

Fundi mwenye akili hafanyi hivyo. Anapofika hafungui kitu kwanza. Anauliza: «Papa, ulipozungusha ufunguo, ulisikia nini?»

Swali hilo si la mchezo. Motokari isiyotaka kuwaka husema kwa njia tatu. Pengine inanyamaza kabisa, hata taa haziwaki. Basi umeme haufiki: ama batri ni tupu, ama waya umeachana nayo. Pengine inasema ka-ka-ka. Basi umeme upo, lakini ni mchache, au njia yake imezibwa. Pengine injini inazunguka vizuri, ru-ru-ru-ru, lakini haishiki moto. Basi batri haina kosa. Kosa liko katika cheche au katika esansi. Anayejua kusikiliza sauti hizi tatu amekwisha kufanya nusu ya kazi kabla ya kuchafua mikono.

Fundi anawasha taa kubwa za mbele na kumwambia mjukuu mkubwa asimame mbele ya motokari. «Utazame taa, uniambie zinavyofanya.» Kisha anazungusha ufunguo.

«Zimezimika karibu zote!» asema mtoto.

Hapo fundi anajua kwamba mota ya kuwashia inaomba umeme mwingi kuliko uliopo. Lakini kwa nini taa ziliwaka kwanza? Fedha kidogo mfukoni hutosha kununua chumvi; hazitoshi kununua baiskeli. Taa mbili za mbele huhitaji umeme wa ampea 10 hivi. Mota ya kuwashia, ambayo lazima izungushe injini nzima ya chuma, huhitaji ampea 100 au zaidi. Kwa hiyo asitokee mtu akasema, «Batri ni nzima, maana taa zinawaka.» Neno hilo limewadanganya watu wengi.

Zamani motokari hazikuwa na mota hiyo. Dereva alisimama mbele na kuzungusha injini kwa mkono wa chuma, na mara nyingine mkono huo uliruka nyuma na kumvunja mfupa. Mwaka 1912 kiwanda cha Cadillac cha Marekani kilianza kuuza motokari zenye mota ya umeme. Tangu hapo dereva hutumia ufunguo au kitufe, lakini pia tangu hapo amekuwa mtumwa wa batri.

Na batri ni nini? Si sanduku la umeme, kama sanduku la nguo. Ndani yake mna vyumba sita, na kila chumba kina mabamba ya risasi yaliyozamishwa katika maji yenye asidi. Mfaransa Gaston Planté alitengeneza batri ya namna hii mwaka 1859. Risasi na asidi zikifanya kazi pamoja, umeme hutoka, volti 2 hivi katika kila chumba, na vyumba sita hufanya 12. Injini inapotembea hurudisha umeme ndani, na mabamba hurudi hali yake ya kwanza. Lakini kazi ile ya ndani haisimami hata motokari inaposimama. Inaendelea polepole, bure, bila kumfaa mtu. Joto huiharakisha: likiongezeka digrii 10, upotevu karibu huwa mara mbili. Kwa hiyo batri iliyolala Simi-Simi huisha kabla ya batri iliyolala kwenye baridi ya milimani. Na ikikaa tupu muda mrefu, mabamba hushikwa na chumvi ngumu isiyoyeyuka tena. Hapo ndipo batri hufa kweli.

Fundi anatoa kipima umeme. Kinaonyesha volti 11.8. Mjukuu, ambaye amesoma hesabu, anashangaa: «Lakini imebaki 11.8 katika 12! Imepungua kidogo tu.» Ni kosa la kila anayeanza. Volti si kama lita za maji katika mtungi. Batri iliyojaa na kupumzika huonyesha 12.6 hivi. Ikionyesha 12.4, imebaki robo tatu. Ikishuka chini ya 12, imekwisha karibu yote.

Hata hivyo fundi hasemi bado kwamba batri itupwe. Anatazama vichwa vyake viwili, mahali nyaya nene zinapofungwa, na kuona unga mweupe kama ukungu wa mkate. Unga huo hauupitishi umeme vizuri. Anafungua nyaya, anaosha vichwa kwa maji ya moto yenye magadi kidogo, anavikwangua mpaka ving'ae, anafunga tena kwa nguvu. Magari mangapi yamenunuliwa batri mpya kwa ajili ya unga kidogo!

Kisha analeta motokari yake na kuunganisha batri mbili kwa nyaya nene. Waya mwekundu unatoka kichwa cha kujumlisha cha batri nzima mpaka kichwa cha kujumlisha cha batri dhaifu. Waya mweusi unatoka kichwa cha kutoa cha batri nzima, lakini haumalizikii kwenye batri dhaifu. Unafungwa kwenye chuma kitupu cha injini, mbali na batri. Kwa nini? Kwa sababu batri inaweza kutoa gesi ya hidrojeni, nayo hulipuka ikipata cheche, na waya wa mwisho hutoa cheche unapogusa. Wako watu waliopata asidi machoni kwa kulipuuza jambo hilo dogo. Watoto wasiguse kazi hii.

Sasa ufunguo unazungushwa. Injini inazunguka kwa nguvu: ru-ru-ru-ru! Wote wanapiga makofi. Lakini haishiki moto.

Mzee anakata tamaa, fundi hapana. Ugonjwa mmoja ulikuwa umeficha mwingine, nao sasa umeonekana. Injini inataka vitu vitatu: hewa, esansi na cheche, kila kimoja kwa wakati wake. Fundi anatazama njia ya hewa, kwa sababu panya na nyigu hupenda kujenga mahali palipotulia. Ni safi. Halafu cheche. Anapangusa kwa kitambaa kikavu nyaya za bujie na kifuniko kinachogawa umeme, maana unyevu huvuta umeme pembeni. Anafungua bujie moja, anaigusisha kwenye chuma cha injini, na ufunguo unazungushwa. Tap, tap, tap: cheche ya buluu. Jirani wa bujie mpya anaondoka polepole.

Imebaki esansi. Angalieni kwamba fundi alipima cheche kwanza na kuifunga bujie mahali pake, ndipo akafungua njia ya esansi. Hafanyi yote mawili pamoja, kwa sababu mvuke wa esansi hauonekani, lakini moto huuona. Anamwaga esansi kidogo ya chini ya kabureta katika chupa ya kioo na kuiacha itulie. Baada ya muda kidogo chupa ina sakafu mbili. Juu ni esansi, nyekundunyekundu, yenye harufu ya rangi ya mlango. Chini ni maji.

Maji hukaa chini kwa kuwa lita moja yake ina uzito wa kilo moja, na lita ya esansi ina gramu 750 hivi. Bomba hunyonya chini ya tangi. Hivyo injini ilikuwa ikinyweshwa maji. Marubani wa ndege ndogo hulijua jambo hili. Kabla ya kuruka hutoa esansi kidogo chini ya tangi na kuitazama katika kikombe kinachoonyesha, maana angani hakuna kando ya barabara ya kusimama.

Maji yalitoka wapi? Fundi anageuza kifuniko cha tangi: mpira wake umepasuka, mvua imeingia. Tena tangi lilikuwa karibu tupu, na hewa yenye unyevu iliyomo ndani hutoa matone usiku unapopoa. Pengine pia chupa ilichangia. Esansi ya wauzaji wa barabarani, wale waitwao Kadhafi, si lazima iwe mbaya. Lakini chupa iliyooshwa bila kukaushwa huuza maji kwa bei ya esansi. Na ile harufu ya rangi? Esansi ikikaa miezi mingi, sehemu yake nyepesi, inayoshika moto upesi, huruka hewani. Inayobaki hugeuka gundi, nayo huziba matundu ya kabureta, ambayo ni membamba kama ya sindano.

Tangi linamwagwa, kabureta inasafishwa, mpira unabadilishwa, esansi mpya inatiwa. Injini inakohoa mara mbili, kisha inanguruma.

Motokari za siku hizi hazina kabureta, nazo hushika moto vizuri zaidi. Lakini saa yake, redio yake na kengele yake ya wezi hunywa umeme mchana na usiku hata ikiwa imezimwa. Mwaka 2020, watu wa nchi nyingi walipofungiwa nyumbani kwa ajili ya ugonjwa wa korona, magari mengi mapya kabisa yalikataa kuwaka kwa ajili ya batri.

Mwenye motokari ya kulala aijaze tangi. Kila juma moja au mawili aitembeze nusu saa barabarani. Kuiwasha dakika tano chini ya mwembe na kuizima ni kuiibia batri, maana kuwasha kumekula umeme mwingi na injini haikupata nafasi ya kuurudisha. Asipoweza kuitembeza, afungue waya wa batri, na aanze na ule wa kutoa. Akianza na wa kujumlisha, na spana yake ikagusa chuma cha gari, umeme wote utapita katika spana mara moja, nayo itawaka nyekundu mkononi mwake.